Mama Alichechemea Kwenye Skrini

Mwanamke aliyekuwa akimfanyisha mama mazoezi ya viungo kule Migori hakupenda kuharakishwa. Aliweza kukaa kimya akitazama mguu mmoja mpaka mwenye mguu akaanza kuuona kama wa mtu mwingine. Kiharusi kilikuwa kimempata mama mwanzoni mwa mvua za masika, upande wa kushoto ukalegea. Alipotoka hospitalini alirudi nyumbani kwa dada yangu, ambaye alikuwa akiishi naye tangu baba afariki. Mimi naishi Homa Bay, ambako nina duka la kupiga picha na kunasa video za arusi, mazishi na ibada za shukrani. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumjulia mama hali, nikamkuta yule mwanamke uani, amemshika mama mkono, wanahesabu hatua pamoja kwa Kijaluo.

Walipopumzika aliniuliza, "Una video yoyote ya mama akitembea kabla ya ugonjwa?"

"Nadhani ninayo. Ya nini?"

"Kila mtu ana mwendo wake. Sitaki kuhangaika kumnyoosha mtu ambaye tangu zamani hakuwa amenyooka."

Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado unamtii. Dada yangu naye alicheka. Nikawaahidi kwamba nitaitafuta.

Sikuwa na haja ya kutafuta sana. Mwaka uliotangulia binamu yetu alikuwa ameolewa Kendu Bay, na mimi ndiye niliyeinasa arusi ile. Nilikumbuka vizuri kwamba mama aliongoza kundi la akina mama waliobeba zawadi, kutoka langoni hadi kwenye hema, na kwamba nilisimama mbele yao nikirudi kinyumenyume, nikiomba Mungu nisijikwae kwenye kamba za hema. Niliporudi Homa Bay nilifungua duka, nikawasha kompyuta, nikaifungua video hiyo.

Hapa lazima nieleze habari ya skrini yangu. Kompyuta yangu ni ya zamani na inatumia Linux, ambayo rafiki yangu mwalimu wa sekondari aliniwekea baada ya mfumo wa awali kuwa mzito hadi nikawa naweza kuchemsha chai kabla haijaamka. Skrini yenyewe ilikuwa mgeni. Nilikuwa nimeinunua majuzi kwa mtu anayeuza mitambo iliyotumika, skrini pana, yenye picha kali kiasi kwamba uliweza kuona uzi uliochomoka kwenye kola ya bwana arusi. Muuzaji alikuja mwenyewe kuifunga. Alifungua mipangilio, akapita kwenye orodha ya namba, akachagua 24.

"Hii ndiyo ya sinema," aliniambia. "Wewe si ni mtu wa video? Iache hapo."

Nikaiacha hapo. Tangu siku ile kishale cha kipanya kilikuwa kizito, ukisukuma mkono kinakuja nyuma yako kama mtu aliyeamshwa, lakini nililaumu uzee wa kompyuta.

Basi nikaiona video. Lango, vumbi, vigelegele, halafu mama katika gauni la kijani na kitambaa kichwani, kikapu juu yake. Na alikuwa anachechemea.

Haikuwa sana. Mtu asiyemfahamu asingeona. Lakini kila alipoutupa mguu wa kushoto mwili wake ulikwama kidogo, kisha ukaruka mbele, kana kwamba ule mguu ulisahau kazi yake halafu ukakumbuka. Nilirudisha nyuma. Mguu wa kushoto tena. Nilirudisha tena, nikavuta kiti karibu hadi pumzi yangu ikaacha ukungu kwenye kioo. Ulikuwa mguu uleule ambao sasa alikuwa akiuburuta uani kwa dada.

Sijui namna ya kueleza nilichohisi isipokuwa kwamba nilishindwa kuelewa nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu siku ya arusi. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Nilimtazama hatua zote kupitia kamera. Baadaye tulikula meza moja, akaniwekea mnofu wa samaki kwenye sahani yangu kama mtoto. Ugonjwa ulikuwa tayari umeingia, nikawaza, na hakuna aliyeuona.

Nikampigia dada.

"Nimeipata video," nikamwambia. "Lakini kuna jambo. Mama alikuwa ameanza kuchechemea tangu arusi."

"Kuchechemea wapi?"

"Mguu wa kushoto. Inaonekana kabisa."

Nilisikia kuku na redio ya jirani. "Omera," akasema, na dada yangu huniita hivyo, ndugu yangu, anapokuwa ameumia au anapotaka kitu. "Naamka na huyu mama. Nalala naye. Nateka maji yuko nyuma yangu. Unaniambia alikuwa anachechemea mwaka mzima na mimi sikuona?"

"Sisemi hivyo."

"Umesema nini basi?"

Nilimtumia kipande cha video kwenye simu. Baada ya muda akanipigia. "Nimeangalia. Anatembea vizuri kabisa."

"Simu ni ndogo. Kwenye skrini kubwa ndiyo unaona."

"Sawa," akasema. Neno hilo moja tu, na akakata. Dada yangu akikuambia sawa bila kuongeza neno, ujue si sawa.

Nilibaki dukani nimeduwaa. Nilihudumia watu wawili watatu waliotaka picha za pasipoti, nikamkata mmoja kidevu kwenye picha. Nilimwamini dada, na niliiamini skrini, na vitu hivyo viwili havikuweza kukaa pamoja. Nilijieleza kwamba mtu anayekaa na mgonjwa kila siku ndiye wa mwisho kuona mabadiliko. Kisha nikajieleza kinyume chake. Nilikumbuka mama akipanda ngazi za kanisa mwaka huo, na katika kumbukumbu alichechemea, na nikashindwa kujua kama ndivyo ilivyokuwa au kama skrini ilikuwa imeniwekea mguu huo kichwani.

Kesho yake nikaitazama video kwa urefu zaidi, bila kusimamisha. Mama alitoka langoni akichechemea mguu wa kushoto. Alipopita tangi la maji, kuchechemea kukawa hakueleweki, kukawa katikati ya hatua. Na alipokaribia hema alikuwa anachechemea mguu wa kulia.

Nilirudia mara nyingi. Hakukuwa na ubishi. Ugonjwa ulikuwa umehama mguu ndani ya uwanja mmoja.

Ndipo nikaanza kuwatazama wengine. Shangazi aliyekuwa nyuma yake, mwanamke mwenye nguvu ambaye hadi leo hulima shamba lake mwenyewe, naye alikuwa anakwama na kuruka. Mchungaji vilevile. Niliipeleka video mbele hadi mahali ambapo gari la maarusi linaingia, limefungwa riboni nyeupe. Gari lilikuja taratibu kwenye nyasi, na kila baada ya muda lilikwama, likaruka. Gari lilikuwa linachechemea kama mama.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi, kwa sababu sikuelewa. Niliwaza labda kamera yangu ilikuwa mbovu siku hiyo, na kama ilikuwa mbovu basi sikuwa na video ya kumpelekea yule mwanamke wa mazoezi, wala sikuwa na picha yoyote ya kweli ya mwendo wa mama. Nilinakili video kwenye flashi nikaenda kwa kinyozi jirani, ambaye ana runinga ukutani ya kuwatuliza wateja. Akaniruhusu kuichomeka. Mama alitoka langoni, akapita tangi la maji, akafika kwenye hema, laini kama maji, na mteja aliyekuwa na povu shingoni akasema, "Huyo mama anatembea kwa maringo."

"Ni mama yangu," nikasema.

"Basi umetoka kwa watu," akanijibu, akageuza kichwa ili kinyozi aendelee.

Kwa hiyo kamera ilikuwa nzima. Kilichobaki ni kompyuta au skrini. Nilimpigia rafiki yangu mwalimu, nikamweleza kila kitu.

"Skrini yako inachora picha mara ngapi kwa sekunde?" akauliza.

"Inachora?"

"Skrini haionyeshi picha moja ikatulia. Inachora upya, tena na tena. Kasi hiyo ndiyo wanaita hezi. Na kamera yako inanasa picha ngapi kwa sekunde?"

Hilo nililijua. "Ishirini na tano."

"Angalia skrini imewekwa ngapi."

Nikafungua mipangilio na kukuta palepale muuzaji alipopaacha: 24.

"Ndio huo mguu," mwalimu akasema. "Kamera inaleta picha ishirini na tano, skrini ina nafasi ishirini na nne. Kila sekunde picha moja inatupwa. Mama yako anatembea karibu hatua mbili kwa sekunde, sivyo? Basi picha inayotupwa inaangukia mguu uleule, hadi mwendo wake ubadilike kidogo, halafu inahamia mguu mwingine."

Nilimwomba aseme tena. Alisema tena. Nilikubali kwa sauti, lakini ndani yangu mambo yalikuwa bado yamevurugika, kwa maana alisema hivyo bila kuona video, na mimi niliyeiona mara zote hizo nilikuwa nimemwona mama akiugua.

"Ipandishe," akaniambia. "Weka thelathini."

Nikaweka 30. Skrini ikazimika kidogo, ikarudi, ikaniuliza kama nataka kubaki na mpangilio huo. Nikakubali. Nikacheza video. Kuchechemea kuliisha, lakini sasa mama alikuwa anatetemeka. Mwili mzima, mwendo wote, mtetemo mdogo wa haraka kama mtu aliyepigwa na homa. Gari nalo lilitetemeka, na vilima vya nyuma vilitetemeka pale nilipokuwa nimegeuza kamera.

"Sasa ana malaria," nikamwambia mwalimu.

"Namba zinagombana. Sasa nafasi ni nyingi kuliko picha, kwa hiyo nyingine zinarudiwa. Weka sitini."

Sitini haikuwepo kwenye orodha. Alisema kompyuta ya zamani haiwezi kuisukuma skrini pana kiasi hicho kwa kasi hiyo, lakini tunaweza kujaribu kuilazimisha. Aliniambia nifungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akanisomea herufi moja baada ya nyingine: xrandr, nafasi, vistari viwili, na kuendelea. Nilikosea jina la tundu la waya. Kompyuta ikanijibu kwamba haijui tundu hilo. Nikarekebisha, nikabonyeza, na skrini ikawa nyeusi. Katikati likatokea sanduku dogo lenye maandishi ya Kiingereza, kwamba kilicholetwa hakikubaliki. Kisha nalo likatoweka.

"Imekufa," nikasema.

"Haijakufa. Subiri irudi."

Tukasubiri. Haikurudi. Kwenye mipangilio ya kawaida kompyuta hukuuliza, ukinyamaza inarudi ilikotoka. Kwenye lile dirisha jeusi inakuchukulia kama mtu mzima, inafanya ulichosema na kukuacha nacho. Mwalimu alikuwa na kipindi, akaaga. Nikaizima kompyuta kwa kitufe, nikaiwasha, na skrini ikaamka ikiwa imesahau vituko vyetu vyote, imerudi kwenye 24 ya muuzaji.

Jioni hiyo, kabla ya kufunga, niliandika xrandr peke yake bila kuongeza kitu, na ikanitolea orodha: upana wa picha upande mmoja, namba za hezi upande wa pili, na kinyota kando ya ile inayotumika. Nilizisoma taratibu kama mtu anayesoma majina ya waliopita mtihani. Kwenye upana ule mkubwa kulikuwa na 30, 25 na 24. Nikaweka 25.

Mama akatoka langoni akatembea.

Aliutupa mguu wa kushoto, akautupa wa kulia, gauni likimfuata. Nilimwona akimgeukia shangazi na kusema kitu kilichowachekesha wote wawili, jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla, kwa kuwa nilikuwa nikitazama miguu tu. Nilipaswa kuridhika. Badala yake nilibaki nikijiuliza kama nimeipata namba iliyo sahihi au nimeipata tu namba iliyonipa mama niliyemtaka. Nilimpigia mwalimu na kumuuliza hivyohivyo.

"Kamera ilinasa ishirini na tano," akasema. "Skrini inaonyesha ishirini na tano. Hujachagua mama. Umeacha tu kuzitupa picha zake."

Aliongeza kwamba ishirini na tano itanichosha kwa kazi nyingine, kwamba nipunguze upana wa picha niweke hamsini, kila picha ichorwe mara mbili kamili, na kishale nacho kitapata uhai. Nikafanya hivyo, na kweli kishale kikaacha kujikokota. Niligundua kwamba kwa wiki kadhaa nilikuwa nikifanya kazi nimekunja uso bila kujua.

Dada hakupokea simu. Nilipiga tena asubuhi, hakupokea. Nikaamua kwenda Migori na kompyuta nzima, skrini nimeifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga, kwa sababu baada ya yote hayo sikuiamini skrini nyingine yoyote, na kwa sababu nilitaka dada aone kwa macho yake.

Aliniona nikiteremsha mzigo akaja kunisaidia kimya. Tuliiweka mezani sebuleni. Mama alikaa kwenye kiti chake, na yule mwanamke wa mazoezi, ambaye nilikuwa nimempigia nikamwambia nakuja, akakaa kando yake. Nikawasha. Nikacheza video bila kufikiri.

Mama akatoka langoni akichechemea.

Mpangilio wangu ulikuwa umepotea kompyuta ilipozimwa, na ilikuwa imerudi ishirini na nne. Lakini kabla sijasema neno nilimwona dada akiinua mkono na kujifunika mdomo. Macho yake yalikuwa yamekwama kwenye mguu wa kushoto wa mama, kama yangu yalivyokuwa.

"Kumbe," akasema polepole. "Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Hapana. Ngoja. Si kweli. Mtazame shangazi. Tazama gari."

"Gari limefanya nini?"

Nilijaribu kueleza. Picha ishirini na tano, nafasi ishirini na nne. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyoona nyuso zao zikizidi kunihurumia. Nikaacha. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri, vidole vikikosea, skrini ikazimika na kuwaka. Nikarudisha video mwanzo.

Mama akatembea hadi hemani. Kisha dada akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu alikuwa analia, na mimi nikaweka mkono begani mwake, hakuutoa.

Mama ndiye aliyetuvuruga upya. Alikuwa ameinama mbele, akijitazama kwa makini kama anayemkagua binti wa mtu.

"Siku hiyo nilikuwa nachechemea," akasema. Maneno yalimtoka taratibu, mengine yakiteleza.

"Mama, huchechemei hapo," nikamwambia.

"Viatu vya dada yako. Vilinibana. Nilichechemea kutoka langoni hadi kwenye hema, nikavivua chini ya meza."

Tulitazama tena wote wanne. Hakuna mguu uliochechemea. Dada akasema anakumbuka viatu, kwamba mama alivirudisha vikiwa vimepanuka. Mimi nilitazama miguu hiyo kwenye namba sahihi, kila picha mahali pake, na sikuona maumivu yoyote. Mpaka leo sijui kama mama aliyaficha vizuri hivyo mbele ya watu, au kama alikuwa anachanganya arusi hiyo na nyingine. Daktari alituambia kiharusi huweza kuchanganya mambo. Mama mwenyewe anasema kama kuna aliyechanganyikiwa, ni mwenye kompyuta.

Yule mwanamke wa mazoezi hakuonekana kujali viatu. Alikuwa amesogea karibu na skrini, akaomba niende polepole.

"Huyu hapa ndiye niliyekuwa namtafuta," akasema. "Tazameni bega la kulia. Limeshuka. Na mkono wa kushoto hauchezi sana. Si ugonjwa huo. Huyu amebeba vitu upande mmoja miaka mingi."

"Maji," mama akasema. "Na watoto."

"Basi bega hilo tutaliacha. Nilikuwa nimeanza kulivuta bure."

Nilikaa siku chache kwa dada. Nilimpigia mwalimu, akanielekeza namna ya kuiandika ile amri mahali ambapo kompyuta huisoma kila inapoamka, nisilazimike kuikumbuka mwenyewe. Dada alipika samaki, na siku ya kwanza hatukuizungumzia ile simu. Siku ya pili aliniambia, akichambua sukuma wiki na bila kuniangalia, kwamba baada ya kuongea nami alikuwa amekaa akijaribu kukumbuka kila asubuhi ya mwaka uliopita, mama akitoka chumbani, mama akienda bafuni, na kwamba kila asubuhi aliyoikumbuka mama alichechemea zaidi.

"Hata mimi," nikamwambia.

"Wewe ulikuwa na skrini. Mimi nilikuwa na wewe tu."

Alinipa nusu ya sukuma nichambue.

Mama anatembea sasa, kwa mkongojo, bega la kulia chini kama zamani. Mguu wa kushoto bado unachelewa na huenda utaendelea kuchelewa. Nimemnasa mara kadhaa ili yule mwanamke alinganishe, na nikiwa naitazama video dukani huanza kwa kuangalia kitu kingine chochote kinachosogea, kuku au baiskeli inayopita nyuma ya ua, ndipo nimtazame yeye. Wiki iliyopita dada alinipigia akisema mama ametoka bila kumuaga mtu, wamemtafuta, wamemkuta kwa jirani amekaa kwenye kigoda akibishana naye kuhusu bei ya mahindi. Nilimuuliza dada alifikaje huko, na njia ile ina mteremko.

"Nimemuuliza," dada akasema. "Anasema alitembea."